Nani Akae Kundi la Nane?

Kwenye Satisfactory, gemu ya kujenga viwanda iliyotoka Uswidi, kila mashine unayoongeza inakula stima. Matumizi yakizidi stima inayozalishwa, fyuzi inaruka na kila kitu kinazima pamoja. Ndiyo maana kuna swichi ya kipaumbele. Unagawa mashine zako kwa makundi, la kwanza hadi la nane. Stima ikipungua, kundi la nane linakatwa kwanza, kisha la saba, hivyo hivyo mpaka zilizobaki zitosheke.

Sasa nani akae la nane?

Kwa gemu si ngumu. Jenereta ya makaa inatoa megawati 75 lakini bila maji haiwaki, na pampu ya maji nayo inakula megawati 20. Ukizima pampu, jenereta inakufa. Jenereta ikifa, pampu nayo haiamki. Kwa hivyo mchezaji mjanja anaweka pampu kundi la kwanza. Anayelisha moto halali gizani.

Toka kwa skrini, uje Kware, Embakasi Kusini. Alfajiri watu wanamiminika kwa miguu kuelekea Inda. Wanapakia mizigo, wanashona, wanalinda mageti. Hawa ndio pampu za Nairobi. Jioni wanarudi, wanawasha taa, na ni saa hizo hizo gridi ya nchi inabanwa zaidi. Ikibidi kukata, nani anakatwa?

Kuna hoja nzito hapa, tusiidharau. Kiwanda kimoja kikizima, watu mia wanakosa kazi. Balbu elfu zikizima, watu wanalala mapema. Kwa mahesabu, mtaa unakatwa.

Unaweza kujibu kwa akili ya gemu: pampu kwanza, wafanyakazi wasiguswe. Mimi hilo jibu linanitisha. Shosho wa ploti ya pili hapakii chochote. Mtoto anayefanya homuwaki halishi jenereta yoyote. Tukipima watu kwa kile wanacholisha, hao wawili ndio kundi la nane, na tutawazima tukijiona werevu.

Gemu inaturuhusu kuwaza hivyo kwa sababu ndani ya mashine hakuna mtu. Ukiizima haiogopi ngazi zenye giza, wala haikosi wateja wa jioni kama kinyozi.

Basi tukatwe wote sawa? Tulishaonja hiyo. Tarehe 11 Januari 2022 nguzo za laini ya Kiambere–Embakasi zilianguka hapo Imara Daima, na karibu nchi nzima ikazima. Lakini hata siku kama hiyo, mwenye jenereta yake anasikia tu mngurumo kidogo, kisha anaendelea na sinema. Giza la wote haliwi la wote.

Stima ikipungua, orodha lazima iwepo. Sidai isiwepo. Nadai mambo matatu: itangazwe mapema ili kinyozi apange siku yake, izunguke ili mtaa mmoja usiwe wa nane milele, na nyumba ya anayeiandika iwe ndani yake. Mchezaji hajawahi kuishi kwa viwanda vyake, ndiyo maana anabonyeza swichi bila kusita. Anayepanga giza la wengine anafaa awe anakaa kwenye mtaa ambao zamu yake itafika.