Boga la Mbao Lina Kosa Gani?

Ifikapo mwishoni mwa Septemba, gereji nyingi za kaskazini mwa Marekani hugeuka karakana. Msumeno wa umeme unalia, vumbi la mbao linatua juu ya boneti ya gari, na mtu ambaye mwaka mzima hakushika nyundo anaikata nguzo ya nne kwa nne vipande vitatu vya vimo tofauti. Ncha anazikata mshazari, anapiga msasa, anapaka rangi ya machungwa, kisha juu anapigilia kipande cha tawi lenye gome lake kiwe kikonyo. Hilo ni boga. Anatoboa uso wake kwa keekee, vitundu vidogo vidogo, na kupitisha kutoka nyuma waya mwembamba wa shaba wenye vitaa vya LED. Kisanduku cha betri kinafichwa kisogoni. Jioni maboga yote matatu yamepangwa mlangoni, yanawaka.

Wengine hawanunui mbao kabisa. Wanabomoa paleti, zile za kubebea mizigo, ambazo maduka hutupa nyuma ya jengo. Fundi mwangalifu husoma kwanza muhuri ulio ubavuni. HT maana yake mbao zilipashwa moto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, wadudu wafe. MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromidi, gesi yenye sumu, na hizo mtu mwenye akili haziingizi nyumbani. Kanuni yenyewe ya kimataifa, ISPM 15, ilipitishwa mwaka 2002 kwa ajili ya kulinda misitu. Walioiandika hawakuwa na habari na maboga ya mlangoni.

Dukani boga la plastiki lenye taa lipo tayari, limefungwa kwenye boksi. Kwa nini basi mtu atoe jasho? Na kwa kitu ambacho baada ya wiki chache kitarudishwa darini? Hapa ndipo kazi ya gereji inapokutana na swali lililowasumbua wacha Mungu na wanafalsafa kwa karne nyingi: kazi inayoishia kwenye pambo, tena pambo la muda, ni kazi halali au ni ubatili?

Wapo waliojibu bila kumung'unya maneno. Jumuiya ya Shakers, Wakristo waliovuka kutoka Uingereza mwaka 1774 wakiongozwa na Ann Lee, iliamini kwamba kazi ya mikono ni ibada, na kwa sababu hiyo hiyo ikakataa urembo. Kanuni zao za mwaka 1845 ziliwapiga marufuku waumini kuweka nakshi za pembeni za mbao kwa ajili ya kupendeza tu. Kiti kiwe kiti. Kejeli ya historia ni kwamba leo samani zao zimo kwenye makumbusho kama Hancock Shaker Village huko Massachusetts, na wapenzi wa vitu vya kale huzigombania mnadani kwa sababu ni nzuri. Walikimbia pambo likawafuata mpaka kabatini.

Adolf Loos, mbunifu wa majengo wa Vienna, alifika pale pale mwanzoni mwa karne ya 20 bila kumtaja Mungu. Kwake pambo lilikuwa upotevu wa nguvu za mfanyakazi, wa mali na wa fedha. Hoja yake kuhusu ujira ina uzito: aliyekesha akichonga maua hulipwa kidogo, na mtindo ukipita kazi yake hutupwa. Lakini baa aliyoibuni mwenyewe mjini humo mwaka 1908 imejaa marumaru na mbao za kigeni ziitwazo mahogani, na mistari ya jiwe inafanya kazi ile ile aliyomkataza mchongaji. Tena mtu wa gereji halipwi na yeyote. Hesabu ya Loos haimpati.

Kwa Waislamu nako, wanazuoni wamebishana tangu zamani kuhusu kiasi gani cha nakshi kinafaa msikitini, isije ikamtoa mwenye kuswali katika sala yake. Waswahili wanao msemo wa kuwakata kauli wenye kupenda kung'ara: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Msemo huo, hata hivyo, unashutumu hadaa. Boga la nguzo halimhadai mtu. Ukilizungusha unaona misumari, unaona waya, unaona mti.

Jibu lenye kina zaidi, na lenye mbao nyingi zaidi, linatoka kwa Wayahudi. Majira hayo hayo, kuanzia tarehe 15 ya mwezi wa Tishri, huadhimisha Sikukuu ya Vibanda, iliyoagizwa katika sura ya 23 ya Mambo ya Walawi. Katika mitaa ya Brooklyn vibanda hujaa barazani, uani na kwenye roshani: nguzo za mbili kwa nne, kuta za plaiwudi au turubai, paa la matawi au mianzi. Sheria ni kali kuhusu paa. Lazima liwe la kitu kilichoota ardhini, kivuli chake kizidi jua, na lisipite kimo cha dhiraa 20. Humo watu hula kwa siku saba, wakikumbuka mababu waliolala jangwani.

Halafu wanakipamba. Minyororo ya karatasi ya watoto, mabuyu, makomamanga, zabibu, na siku hizi nyaya za vitaa kutoka nguzo hadi nguzo. Marabi wa Talmudi hawakulichukulia jambo hili kama mchezo. Walisoma katika wimbo wa Kutoka sura ya 15 agizo la kuifanya amri ya Mungu ipendeze, na mfano mmojawapo waliotoa ni kibanda kizuri. Wakaongeza sharti la ajabu: tunda lililoning'inizwa kuwa pambo haliliwi mpaka sikukuu ipite. Zabibu ipo juu ya kichwa cha mwenye njaa, imeiva, na haiguswi. Siku zikiisha inarudi kuwa chakula.

Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uamuzi wa uzuri, aliliweka pambo pembeni ya kitu, kama fremu ya picha, na akaonya kwamba fremu ya dhahabu iliyowekwa ili kuifanya picha ipendwe huuharibu uzuri wa kweli. Marabi wangemshangaa. Kwao pambo halikuongezwa juu ya utii. Ni namna ya kutii. Na si kwamba walifumba macho kuhusu ubatili. Katika Sabato ya sikukuu hiyo, Wayahudi wa asili ya Ulaya ya kati na mashariki husoma Mhubiri, kitabu kisichoona jambo la kudumu chini ya jua, kisha huenda zao kula chini ya mabuyu yanayoning'inia.

Boga la mbao lina shida moja ambayo zabibu haina: haliozi. Boga halisi lililochongwa hubonyea ndani ya siku chache, likaota ukungu, likaliwa na kuchakuro. Wahamiaji wa Kiayalandi walioikimbia njaa ya miaka ya 1845 hadi 1852 walikuwa na desturi ya kuchonga tanipu. Marekani waliyakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga. Kuoza kwa boga mlangoni ni sehemu ya somo, kwa kuwa miti nayo iko kwenye kufa kwa msimu. Rangi ya njano ya majani ilikuwemo tangu kiangazi. Klorofili inapovunjika ndipo inapoonekana. Je, mwenye kuweka mbao na betri anakwepa kifo?

Kidogo, ndiyo. Lakini msonobari hukauka ukapasuka, rangi ya machungwa hubanduka kwa barafu, betri iliyosahaulika huvuja. Na familia za vibanda nazo hazinunui kibanda kipya kila mwaka: mbao hutiwa namba, hufungwa, hurudi gereji. Kinachorudi kila mwaka kikiwa kimechakaa kidogo zaidi kinampa mtu kipimo cha umri wake ambacho boga la sokoni haliwezi kumpa.

Taa ndiyo inayoamua kesi. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma, na huko Minneapolis jua huzama yapata saa kumi na moja jioni. Giza la namna hiyo msomaji wa Mombasa au Mwanza halijui. Usiku wa Oktoba 31, usiku wa Halloween ambapo watoto huomba peremende mlango kwa mlango, taa ya barazani ina maana inayojulikana na kila mtoto: ikiwaka, bisha hodi, ikiwa imezimwa, pita. Aliyekaa ndani halioni boga lake. Anayeliona ni mpita njia. Desturi ya vibanda inadai hivyo hivyo, maana wenyeji huwaalika Ibrahimu na wazee wengine wa imani, mmoja kila usiku, na pamoja nao maskini wa kweli. Pambo linaloutazama mtaa na kumkaribisha mgeni si sawa na lile la kumkomoa jirani, ingawa yote mawili hutoka gereji moja.

Wakenya wa Minnesota na Wakongo wa Ohio wanalijua swali hili kwa karibu. Baadhi ya wahubiri hukemea Halloween moja kwa moja. Makanisa mengine huwagawia watoto peremende kutoka kwenye buti za magari uani kwa kanisa. Nyumba nyingi huweka boga lisilo na sura, la mavuno tu. Mkristo au Mwislamu anayesema kwamba sura iliyochongwa inamkumbusha ibada asiyoiamini ana hoja, na dhamiri yake iheshimiwe. Ila anayedai kwamba pambo lolote la mbao ni kupoteza muda, aanze na vitambaa vya kufuma vilivyotandikwa juu ya makochi yake.