Koo la Mtoto, Moyo wa Mama

Mama kijana alifikishwa kwa pikipiki kwenye kituo cha afya kando ya barabara ya Butembo kwenda Beni, siku ya pili baada ya kujifungua. Hakuweza kulala chali. Aliketi kitandani, mikono magotini, akihema na kukohoa povu lenye damu. Muuguzi alimgusa, akamkuta mikono imepoa na mapigo yanakwenda mbio. Akafanya alichozoea kumfanyia mzazi aliyeishiwa nguvu: akamtundikia serumu, akaifungulia ishuke haraka.

“Muganga, mbona anazidi?” mama mkwe aliuliza.

“Mama, ngojea dawa iingie.”

Chupa ya pili haikumalizika. Mama alikufa, mtoto akabaki kwa bibi.

Kisa hiki si cha mtu mmoja. Nimekiunda kutokana na mwendo wa ugonjwa wenyewe, na mwendo huo hautofautiani sana mgonjwa mmoja na mwingine. Mapafu ya mama yule yalikuwa yamejaa maji kabla hajafika. Valvu ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ilikuwa imekakamaa na kubana. Moyo ulivumilia miaka mingi. Mimba ikaongeza damu mwilini kwa karibu nusu. Baada ya kuzaa, damu iliyokuwa ikienda kwenye mji wa mimba ikarudi moyoni kwa wingi. Ilipokosa njia ya kupita, ikasukumana nyuma kwenye mapafu. Serumu ikaongeza maji juu ya maji. Alichohitaji ni kukalishwa wima, oksijeni kama ipo, sindano ya furosemidi ili maji yatoke kwa mkojo, na usafiri wa haraka hadi hospitali.

Lakini kifo chake kilianza mapema zaidi, alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi. Koo lilimuuma, akasukutua maji ya chumvi, likapona. Baada ya wiki mbili tatu goti likavimba, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Akatibiwa malaria. Jirani wakasema amelogwa. Viungo vikatulia vyenyewe, kama kawaida ya homa ya rumatizimu, ile inayoanzia kooni, na nyumbani wakashukuru. Kovu lilibaki kwenye valvu, na hakuna aliyeweka chombo kifuani kulisikiliza.

Sasa nimfikie daktari wa eneo lile, maana ndiye aliyenifanya niandike. Alikwenda mjini kusikiliza somo juu ya magonjwa ya moyo. Akaonyeshwa picha za mishipa iliyoziba, vijibomba vya kuizibua na dawa mpya za Ulaya. Mkufunzi hakusema uongo; mambo hayo ni ya kweli, na shinikizo la damu litatuletea mengi ya namna hiyo. Ila valvu za watoto hazikutajwa, wala moyo unaolegea baada ya kuzaa, wala kifua kikuu kinachojaza maji kwenye mfuko wa moyo. Daktari akarudi na cheti, akakitundika ukutani. Muuguzi wa kituo, ambaye ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa, hakualikwa wala hakusimuliwa.

Elimu tunayoihitaji haiko mbali. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti walifuatilia watoto 818 ambao valvu zao zilikuwa na dalili za mwanzo zisizosikika. Nusu yao walichomwa benzathini penisilini kila baada ya wiki nne. Miaka miwili ilipopita, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 3 waliochomwa, na kwa 33 wasiochomwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Ni dawa ya zamani, ya bei ndogo. Sindano yake inauma sana, na mtoto atakimbia asipobembelezwa.

Wala asiniambie mtu kwamba wauguzi wetu hawawezi kutunza daftari la sindano za kila mwezi. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu 2,287, ni katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina ambako dawa nne zililinganishwa kwa wagonjwa 681, bunduki zikilia. Kila kipimo kiliandikwa, kila mgonjwa alifuatiliwa, na dunia ikapata dawa mbili zinazookoa. Na kukutana tu kwa ajili ya kazi hiyo ya Ebola kulimgharimu mtu uhai: tarehe 19 Aprili 2019, Dkt. Richard Mouzoko kutoka Kamerun aliuawa katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, Butembo, akiwa anaongoza mkutano wa wenzake.

Kwa hiyo, enyi mnaoandaa masomo ya moyo Butembo na Beni: mkiandaa lingine, waiteni wauguzi wa vituo kabla ya madaktari. Wafundisheni kumlaza mgonjwa ubavu wa kushoto na kusikiliza chini ya titi, kumuuliza kila mjamzito kama hupumua kwa shida akipanda mlima, na kuizuia serumu kwa mzazi asiyeweza kulala chali. Nanyi wazazi, mtoto mwenye homa na koo linalouma bila mafua, mpelekeni kituoni siku hiyo hiyo, mkamwombe muuguzi alitazame koo.