Nasaha kwa Mafundi Bati wa Lubudi: Mkunjo Kwanza, Mashine Baadaye

Wanangu, nasikia mnachanga fedha mnunue mashine ya kufunga mishono ya mabomba ya hewa, yale ya bati yenye pembe nne. Sina ugomvi na mashine. Ninachowaomba ni kwamba hiyo iwe ya mwisho kununuliwa.

Kazi ipo, hilo mmeliona vizuri. Migodi ya Tenke na Fungurume imo ndani ya wilaya yetu hii ya Lubudi. Kolwezi wana mgodi wa Kamoto chini ya ardhi, na ule wa Kamoa-Kakula ulianza kutoa shaba mwaka 2021. Kila mgodi una ofisi, maabara, kantini na vyumba vya mitambo ya umeme, na vyote vinataka hewa. Tena sheria ya Kongo ya tarehe 8 Februari 2017 inazitengea kazi za ukandarasi mdogo kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Sheria hiyo inakufungulia mlango tu. Ukishaingia, anayekupima ni mkaguzi mwenye rula.

Sasa tuutazame mshono wenyewe, ule wa Pittsburgh unaotumika zaidi. Ukingo wa bati moja hukunjwa ukawa mfuko, na juu ya mfuko huachwa mdomo uliosimama. Bati la pili hupindwa ukingo mdogo, milimita 6 au 7 hivi, kwa pembe mraba. Ukingo huo huzamishwa mfukoni, kisha mdomo hulazwa juu yake. Kuulaza huko ndiko kufunga. Zamani ilikuwa nyundo ya mkono, ikaja nyundo ya hewa, na leo kuna mashine inayopitisha roli juu ya mdomo. Roli ya mbele huuinamisha, za nyuma huulaza kabisa, na mshono mzima hufungwa kwa mwendo mmoja.

Angalieni kazi ya mashine hiyo inaanzia wapi. Inakuta mfuko umeshatengenezwa, ukingo umeshapindwa na vipimo vimeshakatwa. Ukingo ukiwa mfupi, haufiki chini ya mfuko. Roli zitalaza mdomo juu ya pengo, na kwa nje utaonekana mzuri. Ukingo ukiwa mrefu, utasimama juu ya mfuko na mdomo utakosa pa kulala. Bomba likiwa limejipinda, litafungwa hivyo hivyo, na hutalinyosha tena. Mwenye nyundo huhisi kosa mkononi akasimama. Roli hazihisi kitu, zinapita tu. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Bati nalo lina wakati wake, na wakati huo umepita kabla roli hazijaanza kuzunguka.

Kwa hiyo fedha ziende kwa utaratibu huu. Kwanza mkasi mzuri wa mezani na mashine ya kupinda, kwa sababu pembe isiyo mraba haina dawa. Pili mashine ya roli ya kutengeneza mfuko. Mfuko hula bati, mara nyingi milimita 25 hadi 30 kutegemea mashine, kwa hiyo kunja kipande cha majaribio, upime, na uandike kipimo hicho ukutani. Asiyekihesabu hutoa bomba dogo kuliko mchoro. Tatu kompresa na nyundo ya hewa. Mashine ya kufunga ije ya nne. Hata ikija, msitupe nyundo: viwiko na vipande vinavyotoka upana mmoja kwenda mwingine vina mishono iliyopinda, na mashine nyingi hufunga mstari ulionyooka tu. Umeme nao mnaujua. Mkoa wetu wa Lualaba una mabwawa ya Nzilo na Nseke, lakini migodi inakunywa mwingi, na siku ukikatika oda haisubiri.

Lakini kwa upande wa afya mashine ina haki yake, nami siipingi. Nyundo juu ya bati tupu huua masikio. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 tayari inahesabiwa kuwa ya hatari, na kufunga mshono kwa nyundo hupita hapo kwa mbali. Vaeni vizibo vya masikio leo, msingoje mashine. Ukiona mshono unavuja, tia gundi ya kuziba, usichomelee: moshi wa zinki iliyopakwa juu ya bati huleta homa na kutetemeka jioni yake.

Jueni pia mahali ambapo mshono huu haufai, hata ukifungwa vizuri namna gani. Katika majumba ya kutengeneza shaba kwa umeme kuna ukungu wa asidi ya salfuriki, unaokula zinki. Huko wanataka mabomba ya plastiki au nyuzi za kioo. Vumbi la saruji, ambalo sisi wa Lubudi hatuhitaji kuelezwa, hukwaruza bati jembamba mpaka litoboke. Hapo ni chuma kinene cha kuchomelea. Mteja akikuagiza bati la zinki kwa sehemu hizo, mweleze kabla hujapokea malipo ya kwanza.

Kabla hamjatoa fedha za mashine, jipimeni hivi. Tengenezeni mabomba ya oda moja kwa nyundo. Pimeni kila bomba kutoka pembe hadi pembe, huku na huku. Vipimo viwili visipolingana, limejipinda. Usiku wekeni taa ndani, zibeni ncha zote mbili, mtafute mwanga kwenye mshono. Mkiona bado mwanga unapenya, rudini kwenye mashine ya kupinda, ugonjwa uko huko. Mabomba yakiwa mraba, mishono ikiwa giza, na oda bado zinachelewa kwa sababu mikono ya nyundo haitoshi, basi nunueni, nami nitachangia.