Tundu Lililozibwa kwa Nia Njema

Ndugu msomaji, baba azibapo tundu la ukutani ili wanawe wasipatwe na baridi, je, ametenda wema au amewadhulumu? Usifanye haraka kujibu.

Huko Marekani nyumba nyingi zina mtambo wa gesi wa kuchemshia maji ya kuogea, nao aghalabu huwekwa katika chumba cha chini ya ardhi au stoo ndogo. Moto wahitaji hewa kama tuihitajivyo sisi: meta moja ya ujazo ya gesi asilia hutaka meta 10 hivi za hewa. Ndiyo sababu stoo hiyo hutobolewa matundu mawili, moja karibu na dari, la pili karibu na sakafu. Baridi ikizidi, mwenye nyumba huyajaza matambara. Moto uliopungukiwa na hewa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Waliolala huweza wasiamke.

Utasema, nia yake ilikuwa njema, wala hakujua. Nami nasema, nia humtetea aliyekosa wa kumwuliza. Huyu aliuona ukuta umetobolewa kwa makusudi, asiulize kwa nini. (Nasi tusimcheke, tuingizao jiko la makaa chumbani wakati wa masika.)

Na lau aliyeziba ni mpangishaji, ambaye mwenyewe halali nyumbani humo? Hapo, ndugu yangu, simwoni na udhuru hata mmoja.