Mji Mkubwa na Macho ya Jirani

Wazee wetu wengi husema ya kuwa mji mkubwa huharibu watoto. Kijana huondoka kijijini akiwa mtu wa salamu na sala. Akikaa Dar es Salaam miaka miwili, hurudi hamjui mtu. Neno hili twalisikia kila mara, nasi twataka kulipima: je, ni mji uharibuo, au kuna jambo jingine?

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Sultani Majid wa Unguja alipoanza kujenga pale katika miaka ya 1860, palikuwa na kijiji kidogo cha Mzizima. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 mji ulikuwa haujafikisha watu laki tatu. Katika hesabu ya mwaka 2022 mkoa wake ulikuwa na watu 5,383,728. Afikaye Kariakoo alfajiri huona nguvu za watu hao. Jina hilo latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya 1914 hadi 1918, na hata leo watu hubeba mizigo pale tangu kabla ya jua kuchomoza. Maghorofa huota juu ya vichwa vyao. Lakini si mbali na hapo liko bonde la mto Msimbazi, ambamo mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuzamisha nyumba nyingi. Tajiri na fukara hutazamana, wala hawajuani majina.

Hapo ndipo lilipo jambo letu. Kijijini kila mtu ana macho juu yake. Mtu akiiba kuku, kabla ya jua kuchwa habari imefika kanisani. Basi asiyeiba, hatujui kama aacha kwa kumpenda jirani, au kwa kuyaogopa macho ya jirani. Mjini macho yale hayapo. Katika basi mtu huketi, na mzee amesimama mbele yake. Asipompisha, hakuna atakayempelekea mama yake habari. Ndipo moyo wake hujulikana. Kwa hiyo twasema, mji hauharibu sana kama unavyofunua.

Pengine mtu atajibu, “Macho ya jirani ni kama ua, nao ua huzuia mbuzi asile shamba.” Ni kweli, wala hatuyadharau. Walakini ua haumfundishi mbuzi kitu. Siku utakapoanguka, atakula mahindi kama kawaida yake.

Tena mji hufunua mema pia. Tumemwona huko mama auzaye uji, siku ya mvua, akimpa bakuli kijana mchukuzi asiyepata kazi. Alimwambia, “Kunywa, mwanangu, utalipa kesho.” Hakumjua jina, wala hakuwa na hakika ya kumwona tena. Hakuna mtu wa kijiji chake atakayelisikia jambo hilo na kumsifu. Tukamkumbuka yule Msamaria ambaye Bwana wetu alimtolea mfano: naye alimkuta majeruhi njiani, mbali na kwao, mahali ambapo angeweza kupita na asilaumiwe na mtu.

Basi, ndugu wasomaji, yatupasa sisi wazazi na walimu kuyaangalia maneno yetu. Kila tumkemeapo mtoto kwa kusema, “Utatutia aibu, watu watasemaje?” twamjengea ua tu, naye atauacha nyuma siku atakapopanda basi kwenda mjini. Afadhali tumwonyeshe yule aliyeumizwa na kosa lake, na Mungu aonaye mjini na shambani sawasawa.

Na kabla ya kuulaumu mji, tujiulize wenyewe: kama usiku huu macho yote ya kijiji yangefumbwa, kesho sisi tungeamka watu wa namna gani?