Ya Nini Kuchora Gari Lililoegeshwa?

Kwani kamera ilikosa nini? Swali hilo humfuata Robert Bechtle, mchoraji wa San Francisco, Marekani, aliyeishi kati ya 1932 na 2020. Alikuwa akipiga picha ya gari mtaani, anaimulika slaidi kwenye kanvasi kwa projekta, anafuatisha mistari kwa penseli, kisha anaanza kazi ya rangi za mafuta. Ukiona kazi yake kwenye simu utasema ni picha ya kamera tu.

Wengine humtetea kwa ustadi: eti tazama chuma kinavyong'aa! Lakini ustadi peke yake ni kiinimacho. Ukishajua siri, unaenda zako.

Mimi naona suala la malipo. Kamera inachukua kila kitu kwa sehemu ndogo ya sekunde na haimdai mpigaji chochote. Anayechora kwa mkono analipa kwa siku zake, na siku hazirudi. Cheki Alameda Gran Torino ya 1974: gari refu la familia, limeegeshwa mbele ya gereji. Hakuna safari hapo. Kitu kilichouzwa kwa ndoto ya barabara kimetulia juani kama ng'ombe aliyeshiba, na mtu amekiangalia hadi mwisho.

Utauliza, si afadhali angewapa watu muda huo? Swali la haki. Ila katika '61 Pontiac, aliyoimaliza 1969, watu wapo: yeye mwenyewe, mkewe na watoto wawili, wamesimama mbele ya gari lao. Hakumgeuza mpita njia kuwa pambo. Alijiweka yeye na wake mahali pa kutazamwa.

Sisi je? Basi likisimama Mtito Andei, simu zinatoka dirishani. Mama mwenye ndizi anapigwa picha bila kuulizwa, bila kununuliwa hata moja, na kufika Mombasa ameshasahaulika. Tumechukua sura yake na hatukumpa kitu, hata dakika.

Sisemi tuache kupiga picha. Lakini kabla ya kubonyeza, jiulize: kama ningelazimika kuichora hii kwa mkono, wiki baada ya wiki, bado ningeitaka? Jibu likiwa hapana, basi weka simu chini umsalimie mama. Na ndizi ununue.