Kamera Iogopayo Mvua na Kamera Isiyoiogopa

Mtu atakaye kununua kamera huuliza dukani ipi ni bora kati ya mbili, na dukani hujibiwa kwa hesabu. Hesabu si jambo la kudharauliwa, basi na tuanze nayo. Nitachukua kamera mbili zijulikanazo, maana mazungumzo juu ya kamera zisizo na jina hayana mwisho. Ya kwanza ni Nikon D90, iliyotolewa mwaka 2008: kamera kubwa ya kioo, ya jamii iitwayo DSLR, ambayo siku hizi aghalabu humfikia mpiga picha ikiwa imekwisha kupita kwa bwana wa kwanza na wa pili. Ya pili ni Olympus TG-6, iliyotolewa mwaka 2019: kamera ndogo ya mfukoni, ngumu, isiyoingia maji. Zote mbili huigawa picha katika nukta zipatazo milioni 12. Hapo mnunuzi husema zimelingana. Hazikulingana. Kipande kipokeacho mwanga ndani ya ile kubwa kina eneo lipatalo mara 13 ya kile kilicho ndani ya ile ndogo, na kwa hiyo kila nukta yake hunywa mwanga mwingi zaidi. Jioni ikiingia, au mtu akipigwa picha ndani ya nyumba yenye dirisha moja, ile kubwa hutoa uso, na ile ndogo hutoa uso uliochanganyika na chengachenga. Kubwa ina uzito wa gramu 700 kabla ya kutiwa lenzi. Ndogo haifiki gramu 260. Kubwa haikuundwa kwa mvua. Ndogo huzamishwa mita 15 chini ya maji, na walioiunda wanasema yaweza kuanguka kutoka kimo cha mita 2 isivunjike.

Hesabu ikiachwa hapo, shauri limekwisha: apendaye uzuri wa picha achukue kubwa, apendaye usalama wa mali yake achukue ndogo. Swali langu ni jingine. Kuna chombo kitakacho kutunzwa na chombo kisichotaka kutunzwa. Je, kipi kati ya hivi kinamfaa zaidi mtu anayetaka kuwatendea haki wale anaowapiga picha?

Nimeichagua wilaya ya Rungwe kuwa mahali pa kulipimia swali hili kwa sababu mjini Tukuyu na katika vijiji vilivyouzunguka mvua si habari, ni hali. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, na tangu Novemba mpaka Mei hupita siku nyingi ambazo mtu hawezi kusema mvua imekatika. Anaweza kusema imepungua tu. Ukungu hushuka kutoka Mlima Rungwe, hulala juu ya mashamba ya chai, huingia migombani, na mwisho huingia ndani ya lenzi. Kamera iliyotoka katika baridi ya alfajiri ikaingizwa jikoni penye moto hutokwa na jasho kama mtu mwenye homa, na unyevu huo ukikaa siku nyingi, kuvu huota juu ya kioo kama nyuzi za buibui. Mwenye kamera kubwa Tukuyu hujifunza kuvaa koti moja yeye na kamera yake. Zamani aliweza kuifunika kwa mfuko wa plastiki wa dukani. Tangu Juni 2019, mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini, hata mwavuli huo wa maskini umeondoka.

Sasa tuchukue siku ya maziko katika kijiji kimoja cha huko, mwezi wa Aprili. Monica Wilson, aliyekaa kwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alilitoa mwaka 1957 buku zima lihusulo ibada zao za ukoo, na maziko yamechukua nafasi kubwa ndani yake. Hakukosea kuyapa nafasi hiyo. Mtu aendaye msibani haendi kutazama, huenda kuwapo. Asiyeonekana msibani huulizwa, na udhuru wa mvua haupokelewi, kwa kuwa mvua imewanyeshea wote. Wafiwa wamemwita mpiga picha, kama ilivyo desturi siku hizi, ili ndugu walioko Mbeya, Dar es Salaam na ng'ambo wapate kuona mzee wao alivyozikwa. Turubai limetandazwa uani. Kaburi limechimbwa nyuma ya nyumba, hatua hamsini katika migomba, na mvua inanyesha.

Mwenye kamera kubwa anabaki chini ya turubai. Anapiga picha za wazee waliokaa kwenye viti, za kwaya, za sanduku likitoka mlangoni. Ni picha njema sana. Mtu atazijua hata nyuzi za kitambaa kilichofunika sanduku. Jeneza linapobebwa kwenda migombani, yeye anaikumbatia kamera na kusimama. Watu wote wanalowa isipokuwa yeye. Na katika lile albamu litakalopelekwa ng'ambo, mzee huyo atakuwa ametoka nyumbani asifike kaburini.

Mwenye kamera ndogo anakwenda na watu. Analowa kama wao, anateleza katika utelezi ule ule, na picha zake zina matone juu ya lenzi na nyuso zisizo safi. Lakini kaburi limo, mikono itiayo udongo imo, na mjane aliyeinama yumo. Iwapo kupiga picha ni kushuhudia, huyu ameshuhudia na yule wa kwanza ameshuhudia nusu. Hapa ndipo ninapoukataa usemi wa wale wapendao vyombo vya kale, wasemao kuwa chombo kitakacho kutunzwa humfundisha mwenyewe kutunza. Humfundisha kukitunza chenyewe. Mtu aweza kuilinda lenzi yake miaka 20 isiguswe na vumbi, wala katika miaka hiyo asimshikie jirani mwavuli hata mara moja. Mvua ilipomfanya achague kati ya watu na kamera, alichagua kamera. Na hatuwezi kumlaumu sana, kwa maana ndiyo iliyompa chakula.

Walakini mtetezi wa kamera kubwa ana hoja nyingine, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Kamera kubwa haifichiki. Anayeinyanyua huonekana na kila mtu uani. Inapopiga, kioo chake cha ndani huruka na mlio wake husikika. Aliyeelekezewa anajua kuwa ameelekezewa. Anaweza kufunika uso kwa kanga, kugeuka, kusema hataki, au kunyosha mgongo na kurekebisha kola. Kadhalika mpiga picha mwenyewe, kwa kuwa hawezi kuiba, hulazimika kuomba: huanza kwa maamkio, akasema mugonile kwa heshima ya watu wazima, akajibiwa, akaeleza haja yake. Kamera ndogo haina mlio ila ukiutaka. Hukaa kiganjani kama kipande cha sabuni. Hupiga picha kutoka kiunoni huku macho ya mwenyewe yakitazama kwingine. Yule mjane aliyeinama kaburini, je, aliulizwa? Alijua? Tumemsifu mwenye kamera ndogo kwa kufika, nasi hatukuuliza alifika kama nani.

Hoja hii imenishughulisha zaidi ya nyingine zote katika jambo hili, wala sidhani inajibika kwa neno moja. Mtu aombaye ruhusa kwa sababu kamera yake haifichiki hajaomba bado. Uzito wa chuma ndio ulioomba kwa niaba yake. Adabu iliyo ndani ya gramu 700 si adabu ya mtu, na ithibati yake ni rahisi: mpe mtu yule yule kamera ndogo, umtazame sokoni Kiwira siku ya soko. Kama bado anaamkia, bado anaeleza, bado anangoja jibu ijapokuwa angeweza kuchukua bila ya kujulikana, hapo tumeiona adabu yake. Kama haamkii tena, basi miaka yote tuliyomdhania muungwana tulikuwa tunaisifu kamera.

Kwa upande wa pili, si haki kuidharau adabu ya kulazimishwa. Mtoto huamkia wakubwa kwanza kwa kuamriwa, na haoni maana. Baadaye hayupo wa kumwamuru, naye huamkia. Hatujui siku gani amri ilipogeuka kuwa tabia, ila twajua kuwa bila ya ile amri tabia isingaliota. Yamkini kamera kubwa imekuwa mwalimu wa namna hiyo kwa wapiga picha wengi wa miji yetu, wale waliosimamisha familia nzima mbele ya pazia na kuiambia itulie. Hasara ya zama zetu, kama ni hasara, ni kwamba kijana aanzaye leo huanza na kile chombo kidogo, au na simu ambayo ni ndogo zaidi, kabla ya kupita kwa mwalimu yule. Anapewa mtihani ambao hakufundishwa somo lake.

Mtu ataniambia kwamba nimewazungumzia watu tu, na Rungwe ina msitu. Ni kweli, na msituni mambo hugeuka. Mwaka 2003 watafiti walisikia kwa wawindaji wa Rungwe habari za kima mwenye haya akaaye juu ya miti, ambaye wenyeji humwita kipunji. Watu wa milimani walikuwa na jina lake. Elimu ya wanyama haikuwa nalo. Mwaka uliofuata kima huyo huyo alionekana na watafiti wengine katika milima ya Udzungwa, na mwaka 2005 makundi yote mawili yalimtangaza katika jarida la Science. Kilichotolewa kuwa ushahidi kilikuwa picha, si mwili, na wako wataalamu walionung'unika kuwa picha haitoshi kumthibitisha mnyama mpya. Mwaka ule ule kipunji mmoja alikufa katika mtego shambani kwa mkulima mlimani Rungwe, na kwa mwili wake wataalamu walimpa mwaka 2006 jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Maneno ya wawindaji yalitosha kuwafanya watu watafute. Picha ilitosha kwa baadhi yao. Maiti iliwatosha wote. Tusisahau kwamba kipunji aliingizwa vitabuni kwanza bila ya kuuawa kwa ajili hiyo. Kwa mnyama ambaye hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilimkadiria kuwa 1,117 tu duniani, hilo si jambo dogo.

Katika kazi kama hiyo kamera ndogo hushindwa bila ya ubishi. Lenzi yake huvuta kitu mara nne basi, na kima aliye kileleni mwa mti wa mita thelathini atatoka kama doa. Ukitaka nywele zisimamazo utosini mwake na weupe wa mkia wake, wahitaji lenzi ndefu na kipokea mwanga kikubwa, kwa kuwa chini ya miti ile mchana hufanana na magharibi. Nayo kamera iwezayo kumwona ndiyo iogopayo mvua ya msitu anaokaa. Wala kipunji hajali kuombwa ruhusa. Adabu yake ni umbali, na umbali ni wa lenzi ndefu.

Limebaki jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Ile kamera isiyoingia maji huzuia maji kwa utepe mwembamba wa mpira uliozunguka kijilango cha betri na kadi. Unywele mmoja, au punje moja ya mchanga, ikikaa juu ya mpira huo, maji huingia. Na walioiunda huagiza mpira ubadilishwe kila mwaka. Basi hata ile ngumu inataka kutunzwa, ila udhaifu wake umefichwa mahali pasipotazamwa, na mwenyewe, kwa kuwa ameambiwa haiogopi cho chote, hapatazami. Ikiisha kuingia maji, aghalabu imekwisha. Kubwa, kinyume chake, hufunguka: lenzi hutoka ikaingia nyingine, na kwa kuwa kiungo cha lenzi za Nikon kimeshikilia umbo lake tangu mwaka 1959, nyingi zilizoundwa kabla mwenyewe hajazaliwa huweza kufungwa na zikapiga picha. Mlango wa kuingilia mvua ndio mlango wa kuingilia fundi. Kwa hiyo kubwa hurithishwa, na ndogo huzikwa. Sioni kuwa hili laondoa yale niliyosema juu ya maziko, lakini mwenye kipato cha mwalimu au mkulima hana budi kulitia katika mizani.

Na mchuma chai aliyepigwa picha mvuani, kikapu mgongoni, huuliza nini? Hulizi nukta wala lenzi. Hutazama kioo cha nyuma ya kamera, hucheka, huwaita wenzake waje waone, kisha huuliza: "Utaniletea lini?" Picha ya kuchapwa kwa kipimo cha sentimita 10 kwa 15, ile ya kuwekwa ukutani, ikipigwa mchana hutoka sawa katika kamera zote mbili, hata mpiga picha mwenyewe apate shida kuzitambua. Gharama yake ni ndogo. Kutoka kwa mchapaji mjini mpaka mizani ya chai katika kijiji chake ni safari ya bodaboda, na Aprili njia ni matope.